Laini moja, vyumba vitano: Hesabu ya Wi-Fi ya pamoja Kamwokya

KAMPALA. Mfanyabiashara wa Kampala anayeagiza mchele kutoka Tanzania au mitumba kutoka Nairobi hafanyi tena kazi yake yote sokoni. Picha za mzigo zinaingia kwa WhatsApp usiku, wakala wa forodha anatuma nyaraka kabla lori halijafika Mutukula au Malaba, na mteja anadai risiti ya EFRIS kabla hajatoa pesa. Yote hayo hupitia intaneti, na kwa wengi intaneti hiyo bado ni bando la simu linalonunuliwa siku kwa siku.

Kamwokya ni mahali pazuri pa kuitazama gharama hiyo. Ni mtaa uliobanana chini ya kilima cha Kololo, kando ya Kira Road, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka katikati ya jiji. Jirani yake ni Kisementi, penye mikahawa na maduka ya Acacia Mall. Ukishuka kuelekea Kifumbira unakuta vyumba vya kupanga vilivyojipanga kwa mstari, ambavyo Waganda huviita "mizigo". Huo si mzigo wa lori. Ni chumba kimoja chenye mlango wake, na jirani yuko upande wa pili wa ukuta.

Wapangaji wa uani mmoja hugawana mengi: bomba la maji, choo, kamba ya kuanikia nguo, na mara nyingine mita ya umeme. Intaneti ndiyo kila mtu hujinunulia peke yake, kwa bei ya rejareja. Kwa mfanyabiashara, anayejua vizuri tofauti kati ya kununua gunia na kununua kilo, hesabu hiyo haikai sawa.

Kodi iliyo ndani ya bando

Uganda imebadilisha namna ya kutoza kodi ya intaneti mara mbili ndani ya miaka michache. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na huduma nyingine za aina hiyo. Tarehe 1 Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, isipokuwa ile ya huduma za afya na elimu.

Juu ya ushuru huo huja VAT ya asilimia 18, nayo hutozwa kwa bei ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Kwa hiyo huduma ambayo kampuni inaiuza kwa shilingi 100 hupanda kuwa 112, kisha VAT huifikisha shilingi 132 na senti kidogo. Karibu theluthi moja ya bei ya asili huongezeka kabla mteja hajafungua ukurasa wowote.

Kodi hii haikwepeki kwa kugawana laini. Kinachobadilika ni kile kinachopatikana kwa pesa iliyobaki. Laini ya nyumbani ya malipo ya mwezi huuzwa kwa jumla, na mara nyingi haina kikomo cha data au ina kikomo kikubwa. Bando la siku huisha muda wake unapofika hata kama nusu yake haijatumika.

Chukua mfano. Tuseme laini ya nyumbani inalipiwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Bei hiyo ni ya kufanyia hesabu tu, kwani kila kampuni ina zake. Ndani yake, karibu shilingi 36,500 ni ushuru na VAT. Ikigawanywa kwa vyumba vitano, kila chumba kinatoa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 1,000 kwa siku, na simu zote za chumba hicho zinatumia. Anayetaka kujua kama mpango huo unamfaa aandike kwa wiki moja kila bando analonunua yeye na watu wa nyumbani kwake, kisha alinganishe.

Faiba au ruta ya laini ya simu

Intaneti ya Uganda hutoka baharini, nchi yenyewe ikiwa haina pwani. Mikongo ya chini ya bahari ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kutoka hapo nyaya za nchi kavu huvuka Kenya hadi Kampala. Ndani ya jiji, Google ilianza kutandaza mtandao wa faiba mwaka 2013 kupitia mradi wake wa Link, ambao mwaka 2017 uligeuka kuwa sehemu ya kampuni ya CSquared. Mtandao huo haumuuzii mwenye nyumba moja kwa moja. Huwakodishia watoa huduma, nao ndio wanaovuta waya hadi mlangoni.

Kwa mpangaji wa Kamwokya njia ni mbili. Ya kwanza ni faiba, ambapo kampuni huvuta waya mwembamba kutoka nguzo iliyo karibu na kuweka kisanduku ndani ya nyumba. Faiba ina kasi isiyoyumba sana, lakini inahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na ukihama huwezi kuubeba waya. Kabla ya kulipia, mpangaji aulize mambo matatu: kama kampuni inafika kwenye kichochoro hicho hasa, nani analipia waya na kazi ya fundi, na kama mkataba unamfunga kwa mwaka mzima.

Ya pili ni ruta inayotumia laini ya simu ya 4G au 5G. Huchomekwa kwenye umeme na kuanza kazi siku hiyo hiyo, na ukihama unaondoka nayo. Udhaifu wake ni kwamba inagawana mnara na simu zote za mtaa. Jioni, watu wanaporudi kutoka kazini, kasi hushuka. Kwa hiyo mnunuzi aijaribu kwanza laini ya kampuni anayoitaka kwa simu yake ya kawaida, akiwa ndani ya chumba chenyewe, saa mbili usiku. Kipimo cha asubuhi kitamdanganya.

Kuna pia wanaogawa intaneti kutoka kwenye simu, yaani hotspoti. Kwa mtu mmoja na kompyuta yake inatosha. Kwa uani mzima haifai, kwa sababu simu hupata moto, betri huisha haraka, na mwenye simu akitoka kwenda sokoni anaondoka na mtandao wa wote.

Pa kuiweka ruta

Ruta nyingi za nyumbani hutumia masafa mawili. La gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ndilo lililosongamana. La gigahezi 5 lina kasi kubwa na nafasi zaidi, ila huchoka haraka likikutana na ukuta. Kwa vyumba vya mstari vilivyojengwa kwa tofali, simu iliyo chumba kimoja na ruta itumie 5, na zile za chumba cha tatu na cha nne zitumie 2.4.

Adui wakubwa wa mawimbi haya ni chuma na maji. Mlango wa chuma, ukuta wa mabati, tangi la maji na friji hupunguza nguvu ya ruta kuliko umbali wenyewe. Ruta iliyowekwa sakafuni nyuma ya runinga hupoteza nguvu bure. Mahali pake ni juu, usawa wa kichwa au zaidi, katikati ya vyumba vinavyotumia, mbali na oveni ya maikrowevu, ambayo hutumia masafa ya karibu na 2.4.

Mtaa uliobanana una tatizo jingine: ruta za majirani. Katika masafa ya 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11. Uani wenye ruta kumi zilizo kwenye chaneli 6 ni kama kichochoro chenye redio kumi kwa wakati mmoja. Programu za bure za simu huonyesha chaneli ipi ina msongamano mdogo, na kubadilisha hufanyika ndani ya mipangilio ya ruta, ambayo hufunguliwa kwa kivinjari kupitia namba iliyoandikwa chini ya ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

Chumba cha mwisho kisipopata, kuna suluhisho mbili. Kipaza mawimbi kinachochomekwa ukutani ni rahisi, lakini vingi vya bei nafuu hupunguza kasi kwa karibu nusu, kwa sababu hupokea na kutuma kwa redio ile ile. Suluhisho bora ni kuvuta waya wa mtandao hadi chumba hicho na kuweka hapo ruta ya pili kama kituo cha kutolea mawimbi tu. Waya wa Cat5e au Cat6 hufanya kazi hadi mita 100, umbali unaotosha uani wowote wa Kamwokya. Ukipitishwa nje, uwe wa kustahimili jua na mvua, wala usifungwe pamoja na nyaya za umeme.

Video moja humaliza kasi ya wote

Ugomvi wa Wi-Fi ya pamoja hauanzi kwenye pesa. Huanza jioni, mmoja anapotazama mpira na mwingine hawezi kutuma ankara. Video yenye picha safi huhitaji megabiti 5 hivi kwa sekunde. Laini ya megabiti 10 ikitumiwa na video mbili za namna hiyo imejaa. Ujumbe wa WhatsApp, hati ya forodha na risiti huhitaji kidogo sana, lakini vikipanga foleni nyuma ya video huchelewa navyo.

Ruta nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa au kwa kila kikundi. Kikomo hicho ndicho kinachoulinda urafiki. Kwa laini ya megabiti 20 na vyumba vitano, kila chumba kikiwekewa kikomo cha 6 au 7 badala ya 4, vyumba vitaweza kunufaika pale wengine wanapolala, na hakuna chumba kimoja kitakachoimeza laini yote. Mafundi wa Kampala hupenda ruta za MikroTik kwa kazi hii, kwa sababu zinaweza kutoa neno la siri tofauti kwa kila mtumiaji, na anayechelewa kulipa akasimamishwa bila kuwasumbua wengine.

Kuhusu malipo yenyewe, wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wapangaji wakubaliane mapema nani anashika pesa, tarehe ya kulipa ni ipi, anayehama katikati ya mwezi anarudishiwa nini, na ruta ni mali ya nani. Jambo la mwisho husahaulika sana. Ruta ikinunuliwa kwa mchango na haijaandikwa popote, siku ya kuhama itadaiwa na watu watano.

Anayefanya biashara iliyosajiliwa kwa VAT ana jambo moja la ziada. Laini ikiunganishwa kwa jina na namba ya mlipakodi ya biashara, na kampuni ikatoa risiti ya EFRIS, VAT ya sehemu inayotumika kwa biashara inaweza kudaiwa kama ilivyo kwa manunuzi mengine. Laini iliyoandikishwa kwa jina la jirani haitoi nafasi hiyo.

Jirani ndani ya mtandao

Aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi yako yuko ndani ya uzio wako. Anaweza kuiona printa, kamera ya duka na kompyuta iliyoachwa wazi, hata bila nia mbaya. Kwa mtu anayehifadhi orodha ya wateja na madeni kwenye kompyuta hiyo, hilo si jambo dogo.

Hatua za ulinzi hazihitaji fundi. Neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta libadilishwe siku ya kwanza, kwa kuwa lile la kiwandani linajulikana na kila aliyewahi kununua ruta ya aina hiyo. Ulinzi wa mtandao uwe WPA2 au WPA3. WEP ya zamani huvunjwa kwa dakika chache. Kitufe cha WPS cha kuunganisha bila neno la siri kizimwe. Programu ya ndani ya ruta isasishwe inapotakiwa.

Hatua yenye faida kubwa zaidi ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinaweza kutoa majina mawili ya Wi-Fi kutoka kisanduku kimoja: moja kwa vifaa vya biashara, jingine kwa majirani na wageni, na wa pili asiweze kuviona vifaa vya wa kwanza. Mteja akiomba neno la siri, apewe la wageni.

Pesa za simu zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Menyu za *165# ya MTN na *185# ya Airtel hazipiti kwenye Wi-Fi kabisa. Hutumia mtandao wa simu wenyewe, na jirani hawezi kuzisoma kupitia ruta. Programu za benki nazo hufunga mawasiliano yao. Hatari iliyopo ni mtandao bandia wenye jina linalofanana na lako, au ukurasa unaokuomba PIN ili "ujiunge na Wi-Fi". Hakuna Wi-Fi halali inayohitaji PIN ya pesa za simu.

Kugawana si sawa na kuuza

Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 inamtaka anayetoa huduma za mawasiliano kwa umma awe na leseni ya Tume ya Mawasiliano, UCC. Familia inayotumia laini yake haiguswi. Duka linalouza vocha za Wi-Fi za saa moja kwa wapita njia limeshaingia kwenye biashara, na mwenye duka anapaswa kuuliza UCC kabla hajafungua. Wapangaji watano wanaochanga bila faida wako karibu zaidi na familia, ila mkataba wa kampuni unaweza kukataza kuitoa laini nje ya nyumba moja. Kuna kampuni zinazouza vifurushi maalumu kwa majengo ya wapangaji, na kuomba hicho tangu mwanzo ni salama kuliko kukatiwa baadaye.

Mwenye jina kwenye mkataba akumbuke pia kwamba maswali yakitokea, kwake ndiko yataanzia. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2022. Ujumbe wa matusi au wa ulaghai ukitumwa kupitia laini ya pamoja, anuani inayoonekana ni ya laini, si ya simu ya chumba cha nne. Kila mtu kuwa na neno lake la siri husaidia hapa pia.

Umeme ukizima, mkongo ukikatika

Tangu mwisho wa Machi 2025 usambazaji wa umeme uko mikononi mwa kampuni ya serikali ya UEDCL, iliyouchukua kutoka Umeme. Kwa mwenye ruta, jina la msambazaji halibadilishi kitu: umeme ukizima, Wi-Fi inazima. Dawa ni betri ndogo ya ruta, inayokaa kati ya plagi na ruta na kuishikilia kwa saa kadhaa. Mnunuzi asome volti iliyoandikwa kwenye ruta kwanza. Ya volti 12 ikipewa 9 haitawaka vizuri, na ya 9 ikipewa 12 inaweza kuungua. Mwenye faiba akumbuke kwamba kisanduku cha faiba nacho kinahitaji umeme.

Kuna kukatika ambako betri haikusaidii. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za kanda. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, Uganda ilifungiwa intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka iliyofuata. Aliyekuwa na mzigo mpakani siku zile alitegemea simu ya kawaida.

Funzo lake kwa biashara ni la moja kwa moja. Namba za wakala wa forodha, dereva na mteja ziandikwe kwenye karatasi. Nakala za hati za mzigo ulio njiani zihifadhiwe kwenye simu au kompyuta, zisiachwe mtandaoni peke yake. Mtandao wa ndani wa Wi-Fi huendelea kufanya kazi hata intaneti inapokosekana, kwa hiyo printa bado itachapa, na hati zilizo kwenye kompyuta zitafunguka.

Kuvuka mpaka na ruta

Wafanyabiashara wengi hushawishika kununua ruta upande ule wenye bei nafuu. Yapo mambo manne ya kuangalia. Baadhi ya ruta zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa zikubali laini za kampuni hiyo tu, na zikivuka Busia hazifanyi kazi. Vifaa vya mawasiliano huhitaji kuidhinishwa na mdhibiti wa kila nchi: UCC Uganda, CA Kenya na TCRA Tanzania. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, hivyo ruta iliyotengenezwa China haiingii humo hata ikinunuliwa Nairobi. Na mpango wa Mtandao Mmoja, ulioanza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ulilenga kwanza kushusha gharama za simu za sauti. Bei ya data ya ugenini iulizwe kwa kampuni kabla ya kuvuka.

Kwa anayelala Kampala siku chache kila mwezi, kununua laini ya Uganda kwa pasipoti na kuiweka kwenye ruta ndogo ya mfukoni isiyofungwa huweza kumfaa kuliko kulipia ugenini. Kwa anayeishi Kamwokya, hatua ya kwanza haihitaji hata shilingi: kukaa na majirani wa uani jioni moja, kila mmoja na orodha yake ya mabando ya wiki, na kujumlisha.